Ini Kama Punje ya Mtama

Kazi yangu ukiitaja kijiweni pale Tabora mjini, watu wanajua unawazuga.

"Okta, siku hizi unashughulika na nini?"

"Nakata maini ya samaki."

"Kumbe umefungua genge la supu na hutualiki."

"Samaki wenyewe ni sawa na kidole changu cha mwisho. Ini la mmoja ni kama punje ya mtama."

"Sasa hiyo supu anashiba nani?"

"Hadubini."

Hapo wananiacha na kurudi kwenye mambo ya mpira. Mimi ni mtu wa mizaha tangu kidato cha kwanza, na shida ya mtu wa mizaha ni kwamba siku akisema kweli, watu wanasubiri sehemu ya kuchekea.

Ila ni kweli tupu. Maabara yetu ni chumba kimoja kirefu nyuma ya ghala la zamani, madirisha upande huu, matangi ya vioo upande ule. Bosi wangu ni Dakta Asmahani, Mzaramo wa Bagamoyo, aliyesomea magonjwa ya samaki na jinsi sumu inavyowaumiza. Mimi nina cheti cha kidato cha sita na mikono isiyotetemeka, basi akanifundisha kazi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu sisi Wanyamwezi walipokuwa wakitoka huku na pembe za ndovu mabegani mpaka pwani, kwa hiyo katika chumba kile hakuna anayemwambia mwenzake neno la heshima kabla ya chai.

"Mnyamwezi, weka hiyo ndoo chini," ananiambia asubuhi. "Leo hakuna msafara."

"Nilidhani bado mnasubiri mizigo. Babu zako si walikuwa wanakaa tu, wanatuhesabu tukifika?"

"Walikuwa wanawahurumia. Mlikuwa mkiiona bahari mnauliza lambo hili kachimba nani."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Lakini mwaka huu lilikuja swali moja ambalo halikuwa na utani ndani yake, nalo lilitoka kwetu.

Dada yangu Bertila ameolewa huko Goweko, na mumewe Kornel analima tumbaku na karanga. Wana binti mmoja, Jenifa, ambaye ndio kwanza alikuwa anajifunza kuongea, na neno lake la kwanza lilikuwa "sitaki", kwa hiyo nikajua ni damu yetu. Baada ya mavuno macho yake yakawa ya manjano. Tumbo likajaa, mikono ikabaki vijiti. Hospitali mjini walimpima homa za ini za aina zote wakakosa. Wakasema ini limevimba, kuna kitu kinaliumiza, kitu gani hawajui. Alilazwa, akapata nafuu wodini mpaka akaanza kuiba ndizi za wagonjwa wa jirani. Akarudishwa nyumbani. Mwezi haujaisha, macho ya manjano tena.

Watu wa kitongojini hawakuhitaji daktari kujumlisha hesabu hiyo. Mjini mtoto amepona, nyumbani anaumwa, basi kuna kitu nyumbani. Na nyumbani kuna lambo, na kando ya lambo Kornel aliwahi kuonekana akisuuza bomba la kupulizia dawa ya tumbaku. Hakuna aliyemwambia usoni. Walianza tu kumpisha njiani kwa upana zaidi ya unaohitajika. Kwenye sala za jumuiya, siku ya zamu ya nyumba yake, walikuja watu wachache, na chai hawakunywa.

Bertila alikuja maabara na mtoto mgongoni. Akasimama mbele ya matangi.

"Okta, hawa samaki wako wanaweza kuniambia ni nini kinamla mwanangu?"

Nilimtazama bosi wangu.

"Wanaweza kutuambia kama maji ya lambo lenu yanaumiza ini," akasema. "La samaki. Zaidi ya hapo sikuahidi, mama."

"Hilo linatosha," Bertila akasema. "Kama ni Kornel, nijue ni Kornel. Kama si yeye, nilale."

* * *

Niwaeleze kidogo hawa samaki, maana hapa ndipo mimi mwenyewe huwa naishiwa maneno, na mama yangu atakwambia si jambo la kawaida.

Ni samaki wa madimbwi ya mvua. Dume ana mkia mwekundu na mgongo wa buluu kama kitenge kipya, jike ana rangi ya udongo. Madimbwi tunakowachota yako kando ya njia ya zamani ya misafara, ukitokea Goweko kuja mjini. Kiangazi dimbwi linakauka, na samaki wote waliomo wanakufa, hakuna anayebaki. Udongo unapasuka, ng'ombe wanapita juu, bodaboda wanapita juu. Ndani ya ule udongo, chini ya kwato na matairi, kuna mayai, na ndani ya kila yai kuna mtoto wa samaki amejikunja, macho yameshakuwepo, moyo umepunguzwa mwendo kama taa ya chemli usiku. Anasubiri. Mvua ya kwanza ikigonga, anatoka. Wiki chache amekuwa mtu mzima, ametaga, ameanza kuzeeka. Wapagazi waliwakanyaga hawa kwa miaka na miaka, na shehena kichwani, wala hawakujua kwamba chini ya nyayo zao kuna mioyo.

Ndiyo maana wanafaa kazi yetu. Ini la binadamu likiumizwa linaweza kukaa muda mrefu sana bila kusema. Hawa maisha yao yote ni msimu mmoja, hivyo ini lao halina muda wa kuficha mambo.

Siku ya kwanza Asmahani aliponionyesha, mwaka juzi, alimpa samaki dawa ya usingizi asiamke tena, akatoa ini, akaligandisha ndani ya nta. Kisha akalipitisha kwenye mashine yenye wembe, likatoka utepe ambao mbele yake ngozi ya kitunguu ni blanketi. Akauweka juu ya kioo chembamba, kile tunachokiita slaidi, akautia rangi mbili, waridi na zambarau. Akaniambia niangalie.

Nilitegemea kuona nyama. Nikaona shamba. Matuta na matuta ya seli, yamenyooka kama yamelimwa na mtu mwenye kamba, na kwenye mifereji katikati zinapita chembe za damu moja moja, kama watu wanaorudi gulioni. Kila seli na kiini chake cha zambarau katikati, hakuna iliyosahauliwa. Nilikaa pale mpaka shingo ikakakamaa.

"Umelala?" Asmahani akaniuliza.

"Nani kalima hapa?" nikamwuliza.

Alitabasamu, na tangu siku hiyo akaniacha nikae kwenye hadubini muda wa chai.

Kazi yenyewe ni kupanga. Tuna trei tano za mbao, na kila slaidi lazima ipate trei yake. Vitabu vina majina marefu ya hali hizo, mimi nikayapa mafupi, Asmahani akakasirika wiki nzima, kisha nikamsikia akiyatumia kwenye simu na mwenzake wa Morogoro. Trei ya kwanza ni Shamba Safi, ini lisilo na kosa. Ya pili tunaiita Mwenye Duka: mafuta kidogo, maisha mazuri, hakuna ubaya mkubwa. Ya tatu ni Sega, mafuta yamejaa kila seli mpaka ini zima ni vitundu kama sega la asali. Ya nne, Moto Umepita, ni pale seli zimekufa na matuta yana mapengo. Ya tano sikuipenda tangu mwanzo. Huko hakuna tuta wala mfereji, seli zinaota zinavyotaka, nyingine na viini viwili, zimejikusanya vinundu. Hiyo tunaiita Kila Mtu na Lake.

Na tunapanga bila kujua. Kila slaidi inafunikwa jina kwa plasta, zinachanganywa, halafu mmoja anapanga akiwa peke yake. Trei zinapigwa picha kwa simu, slaidi zinachanganywa tena, mwenzake naye anapanga. Macho yakishajua yanachokitafuta, yatakiona hata kisipokuwepo, na kwa swali hili hakuna macho yaliyohitaji kufungwa kuliko ya kwangu. Kornel ni shemeji yangu. Ndiye aliyenifundisha baiskeli. Nilitaka slaidi zote zilale Shamba Safi mpaka nikaona aibu.

* * *

Nilikwenda Goweko kuchota maji ya lambo mwenyewe, madumu manne nyuma ya pikipiki. Nilimkuta Bertila uani.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka. Umekonda, huko mjini mnakula hao samaki wenu au wanawala nyie?"

Alikuwa ameketi na beseni kubwa la karanga zilizoloweshwa. Kila mtu wa kwetu anajua shughuli hiyo. Karanga kavu ganda lake linakata vidole, na gunia ni gunia, kwa hiyo unazimwagia maji, unazifunika usiku kucha, kesho ganda ni laini na unamenya huku unapiga umbea. Zilizojaa zinakwenda kwa mnunuzi. Zilizosinyaa na zilizovunjika zinabaki kwa kula nyumbani. Ndivyo tulivyolelewa sote. Nilikuwa kijana mkubwa ndipo nikajua kuna watu wanakula karanga nzima nzima kwa hiari yao.

Jikoni kulikuwa na uji wa ulezi wa Jenifa, na Bertila akamwaga karanga zilizotwangwa, kijiko, halafu kijiko kingine, halafu akafikiri, akaongeza.

"Apate nguvu," akasema. "Anakataa kila kitu, ila huu anaunywa."

Jenifa alikuwa mkekani na macho yake ya manjano. Nilimwambia anafanana na embe bolibo. Akasema sitaki. Kornel alikuwa amekaa mbali kidogo, kwenye kizingiti cha ghala, kama mgeni kwake.

"Chota pale pale nilipolisuuzia, shemeji," akaniambia. "Usininusuru."

Nikachota pale pale. Wakati wa kuondoka, Bertila akanifungia mfuko wa karanga za nyumbani. "Mpe daktari wenu. Utarudije kwake mikono mitupu?"

Sasa wiki ile ile, chakula cha samaki tulichoagiza Dar kilikwama njiani, na matangi yalikuwa tayari: nusu maji ya lambo, nusu maji safi ya mvua tuliyokinga wenyewe, ya kulinganishia. Asmahani aliuangalia mfuko wa karanga juu ya meza.

"Karanga ni chakula," akasema. "Saga, changanya na unga wa dagaa. Mradi wote wale kitu kimoja."

Wote wakala, wa lambo na wa mvua sawasawa. Isipokuwa wazee. Kwenye pembe tulikuwa na tangi la wazazi wa samaki hawa, waliotutagia mayai na bado wako hai kwa sababu tangi halikauki, nao hawakubali unga. Wanataka kitu kinachojinyonganyonga mdomoni. Hao niliwalisha viluwiluwi vya mbu ninavyovifuga kwenye chungu kilichovunjika, ufugaji ambao majirani zangu wakiujua watanihamisha.

* * *

Masika yakaisha, tukakata maini ya baadhi yao, na siku ya kupanga ikafika. Asmahani alianza, mimi nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Kwa kawaida akiwa anapanga huwa ananguruma nyimbo za kwao. Siku hiyo sikusikia kitu.

Akatoka. "Zamu yako." Uso wake haukuniambia chochote, na hilo lenyewe likaniogopesha.

Nikakaa. Slaidi ya kwanza, Sega. Ya pili, Moto Umepita. Ya tatu nilitafuta matuta nikayakosa. Nilisogeza kioo polepole, kushoto, kulia, na kila mahali palikuwa kama kijiji ambacho watu wamehama usiku. Halafu pembeni nikakutana na kinundu, kiduara cha seli zilizonona, za zambarau iliyokolea, zinasukuma jirani zake. Kitu chenyewe ni kidogo kiasi kwamba vingi vingeenea juu ya nukta ya kalamu. Lakini kwenye hadubini kinajaa mbingu yote. Nilijikuta nimeondoa jicho na kuangalia tangi, samaki wanacheza na mikia yao myekundu, wamependeza, wanakimbizana. Huenda ndani ya tumbo la mmoja wao kulikuwa na kama hili, na yeye anatafuta mchumba.

Nikaendelea. Shamba Safi ilibaki tupu. Mwenye Duka alipata wachache. Trei tatu za mwisho zikajaa.

Basi ni Kornel, nikawaza. Ni maji, na ni shemeji yangu. Nikaanza kupanga kichwani namna ya kumwambia dada, na kila sentensi ilianza na mzaha, na kila mzaha ulikataa kwisha.

Tulilinganisha picha. Tulitofautiana kwenye slaidi chache tu. Asmahani akaanza kubandua plasta, mimi nasoma majina. Lambo, Moto Umepita. Mvua, Moto Umepita. Lambo, Sega. Mvua, Kila Mtu na Lake. Mvua. Mvua. Lambo. Mvua.

Akaacha kubandua.

"Soma tena hiyo."

"Mvua."

Walikuwa sawa. Samaki wa maji safi ya mvua, ambao kazi yao ilikuwa kuwa wazima ili wa lambo waonekane, walikuwa wagonjwa sawasawa na wa lambo. Asmahani alikaa chini kwa uzito.

"Nimeharibu kazi yote," akasema. "Nilichelewa. Wamezeeka. Hawa wakizeeka maini yao yanaharibika yenyewe."

"Lakini wazee wenyewe ni wale," nikasema, nikionyesha tangi la pembe. "Hawa ni watoto wao."

Tukatazamana. Kama ni uzee, maini ya wazee yalipaswa kuwa mabaya zaidi. Akachukua dawa ya usingizi, mimi nikawasha mashine ya nta. Kazi hiyo haiharakishwi, kuna kukausha, kuna nta, kuna rangi, kwa hiyo siku zilizofuata tulisubiri. Slaidi za wazee zilipokuwa tayari tukazifunika plasta kama kawaida na kuzichanganya na nyingine, kwa sababu Asmahani hakubali njia ya mkato hata nyumba ikiungua.

Niliinama. Ya kwanza, moto. Ya pili, moto. Ya tatu.

Matuta. Yamenyooka, yamejaa, mifereji wazi, damu inapita moja moja. Sikuhitaji kubandua plasta. Nilikaa mbele ya lile shamba dogo la yule bibi wa samaki, mkongwe, mkia umechakaa, na ini lake limelimwa jana.

"Daktari," nikasema, "hawa wamekunywa maji gani?"

"Ya mvua. Yale yale."

"Na wanalala chumba hiki hiki."

"Hiki hiki."

"Na wamekula mbu."

Aligeuza kichwa polepole kuelekea rafu. Mfuko wa Bertila ulikuwa pale, umebaki robo. Aliumwaga kwenye sahani nyeupe karibu na dirisha. Karanga zilizosinyaa, zilizovunjika, na kwenye mikunjo ya baadhi yake kuna vumbi la kijani kibichi, dogo, la kawaida kabisa. Ukungu ambao mama zetu wanaufuta kwa kanga, maisha yanaendelea.

"Sumukuvu," Asmahani akasema. Alisema taratibu. "Sumu ya ukungu. Inakaa kwenye karanga na mahindi yaliyopata unyevu, na ukichemsha haitoki. Inakwenda moja kwa moja kwenye ini. Na mimi ninaijua, mtani. Nimeifundisha darasani. Nimeitazama mezani nikasema ni chakula."

Mimi sikuwa namsikiliza vizuri. Nilikuwa naona kijiko. Kijiko, halafu kingine, halafu kafikiri, akaongeza.

* * *

Nilimpigia Bertila, nikafungua spika ili Asmahani naye asikie, na simu ilipokelewa mara moja.

"Dada, Jenifa ameshakunywa uji?"

"Ndio naukoroga. Vipi?"

"Usiutie karanga. Na ulioutia, mwaga."

Nilimweleza. Nilimweleza kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kinyamwezi, kwa sababu kuna mambo mtu anataka ayasikie kwa lugha aliyozaliwa nayo. Upande wa pili nilisikia mwiko ukiwekwa chini.

"Kwa hiyo si Kornel," akasema mwishoni.

"Maji hatuwezi kuyasema bado. Itabidi tuanze upya. Ila hao waliokula karanga ndio walioumwa, wote, hata wasiolijua lambo."

"Nakuuliza mtoto, wewe unanijibu samaki." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Okta, unaniambia ni mimi. Mkono wangu huu."

Nimekuwa na jibu la kila kitu tangu nikiwa mtoto. Mwalimu mkuu alinichapa kwa sababu ya majibu. Safari hii nilimnyooshea Asmahani ile simu.

Asmahani aliichukua mkononi mwangu. "Mama Jenifa," akasema, "mimi ni daktari wa sumu. Ni kazi yangu. Nami niliwapa samaki wangu karanga zile zile kwa mkono wangu. Kesho mlete mtoto hospitali, mimi nitakuwepo, nitamweleza daktari tulichokiona."

Bertila akaja. Daktari wa hospitali alisikiliza, akaangalia picha za slaidi kwenye simu, akauliza maswali mengi kuliko niliyotegemea, na sampuli za karanga zikatumwa kupimwa. Majibu yakarudi yanasema lile tulilokuwa tunalijua. Jenifa alirudi nyumbani na amri moja: mahindi na karanga zilizokauka vizuri tu, zenye afya, na zikitiliwa shaka zifukiwe, asipewe hata kuku. Kornel akachimba shimo. Kufukia chakula kwetu ni kitu kizito; nasikia mama mkwe wa Bertila aliondoka uani asione.

Sisi huku tulibaki na samaki waliosalia. Asmahani aliwaondoa kwenye karanga, akasema tuwalishe mbu wote, na chungu changu kilichovunjika kikapata wadogo zake watatu. "Nataka kuona kitu," akasema. Hakuniambia kitu gani.

Wiki zikapita, tukakata tena. Siku hiyo alipanga yeye, na safari hii nikasikia wimbo kupitia mlangoni. Aliniita ndani kabla hajamaliza, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Lilikuwa ini la Moto Umepita. Mapengo yalikuwepo, majivu ya seli zilizokufa yalikuwepo. Lakini pembezoni mwa kila pengo, seli zilikuwa zinagawanyika. Unaona kiini kimejipanga mstari mmoja katikati, nyuzi zake zinavutwa huku na huku. Unaona jirani yake ameshakuwa wawili. Na nyuma yao, bila kamba, bila jembe, bila mtu wa kuwaambia, walikuwa wanarudisha tuta mahali pake.

"Ini," Asmahani akasema nyuma yangu, kwa sauti ya msikitini, "ukiliacha kuliumiza, linajijenga. Si kila mara. Si likishafika trei ya tano. Lakini hili, tazama."

Nilitazama. Sikumwuliza nani kalima.

* * *

Tulikwenda Goweko kwa treni, tumepakata hadubini ndogo ya kioo, ile isiyohitaji umeme, ambayo unaielekezea jua tu. Asmahani alikuwa hajawahi kufika kwetu.

"Ndiyo hii njia mliyokuwa mnapita na mizigo?" akauliza dirishani. "Ndefu hivi? Basi nawasamehe ule ushamba wa baharini."

Bertila alimwamkia shikamoo, akampa kiti kizuri. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Jenifa alikuwa chini ya ukuta anamwaga uji kwenye kiatu cha babake, uji usio na karanga, na akatuambia tulipomtazama kwamba hautaki. Weupe wa macho yake ulikuwa umeanza kurudi. Ulikuwa haujafika, ila ulikuwa njiani.

Niliweka hadubini juu ya kinu kilichogeuzwa, nikatafuta jua. Watu wa kitongojini walishajikusanya, wale wale waliokuwa wanapisha njia kwa upana. Kornel alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Dada, njoo uone."

"Nimeshaambiwa ni mimi. Nione nini tena?"

"Njoo."

Alikuja. Alifunga jicho moja, akainama, akasogea nyuma, akainama tena. Asmahani alichuchumaa pembeni yake akamweleza kwa sauti ya chini: hapa palikufa, hapa ni wapya, huyu anagawanyika, hawa wameshamaliza. Alimweleza pia kwamba samaki si mtoto, na kwamba kliniki lazima waende kila wanapoitwa, na kwamba hawezi kumwapia. Bertila alisikiliza, jicho halikubanduka.

"Na la kwake linafanya hivi? Sasa hivi, akiwa amekaa pale?"

"Nategemea hivyo."

"Na hakuna anayelituma."

"Hakuna."

Mstari nyuma yake ulianza kusogea. Mzee mmoja akakohoa, mama mwingine akasema nasi tuone, jua lisiondoke. Kornel akamgusa bega mkewe.

"Bertila, wapishe na wengine."

"Wasubiri," akasema, bado ameinama, mkono wake umeshika ukingo wa kinu. "Bado linajijenga."

Ningeweza kumwambia kwamba samaki yule alikufa siku nyingi, kwamba kile ni kipande cha nta na rangi, hakiendi popote. Niliwaambia watu wasubiri.